Chini Hakukodishwi

Nyumba ya bibi yangu katika Mji wa Kale ina juu na chini. Juu tunakaa sisi wawili, bibi na mimi. Chini ni kwa mtaa mzima. Hati ina jina la marehemu babu, na ufunguo hutundikwa chumbani kwa bibi, lakini ukiwauliza watu wa uchochoro wetu Chini ni kwa nani, watakutazama kama uliyeuliza kisima cha msikiti ni cha nani.

Ni chumba kimoja kirefu chenye nguzo mbili katikati, sakafu ya saruji iliyosuguliwa miaka mingi hadi ikawa laini kama sahani, na ua nyuma wa kuwekea meko. Mtu akiwa na harusi, chakula hupikwa Chini. Akifiwa, wanawake hukaa Chini. Akirudi Hijja, hupokewa Chini. Hakuna anayeomba kwa maneno marefu. Mtu huja, husalimu, huulizia afya ya kila mmoja mpaka ya paka, kisha husema, "Bibi, Chini kuko wazi?" Bibi hujibu, "Kuko wazi." Yamekwisha. Sijawahi kusikia jibu jingine, hata ile wiki aliyolazwa hospitali. Wakati huo alimjibu mtu kwa simu huku dripu imo mkononi.

Mimi si mtu wa namna hiyo. Mimi mtu akiniazima kalamu huikumbuka mpaka irudi, na ikirudi huikagua. Nalisema hili mapema ili ijulikane ni nani anayesimulia.

Tatizo letu lilianza ofisi inayotoza kodi ya nyumba na ardhi ilipofanya tathmini mpya ya mji. Kijana mthamini alipita uchochoroni kwetu, na kwa bahati siku hiyo palikuwa na harusi. Aliona viti vya plastiki vimepangwa mpaka nje, taa za rangi zimetundikwa, masufuria makubwa yanatoka moshi uani, na watu wanaingia na kutoka. Akaupiga picha mlango. Simlaumu. Mimi mwenyewe ningekuwa mgeni ningeandika alichoandika: ukumbi wa kukodisha. Hivyo nyumba ya bibi ikatolewa katika nyumba za kuishi na kutiwa katika nyumba za biashara, na kodi yake ikapanda mara nne.

Anayelipa kodi hiyo ni mjomba. Anafanya kazi bandarini, ana watoto shuleni, na kila mwaka hulipa bila kutuambia, nasi bila kumuuliza. Safari hii alikuja Jumapili, akakaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayengoja kuitwa, akasema hawezi. Alisema pia kwamba kuna mfanyabiashara wa Biashara Street anayetafuta stoo ya marobota ya leso, na yuko tayari kupanga Chini kwa mwaka mzima. Kodi ya pango ingelipa kodi ya serikali na kubaki. Kama wameshatuita biashara, alisema, basi na tuwe biashara.

Bibi alikuwa anamenya kitunguu thomu. Hakuinua kichwa.

"Na watu watapika wapi?"

Mjomba aliitazama sakafu. Si mtu mbaya. Yeye mwenyewe alioa Chini, na mamake, ambaye ndiye bibi, alimpikia pilau ya harusi hiyo kwa mikono yake. Mwishowe alikubali kungoja. Tungekata rufaa. Tukishindwa, marobota yangeingia.

Rufaa ilikuwa yangu, kwa sababu mimi ndiye msomi wa nyumba, na usomi wangu niliuokota. Niliacha shule kidato cha nne kwa kukosa karo ya kuendelea. Kuchapa nilijifunza kwenye kompyuta mbovu ya jirani, Kiingereza cha ofisini nilijifunza kwa kunakili barua za watu wengine, na sasa naishi kwa kuwachapia watu barua, risala na kadi, siku zinazopatikana. Mtu aliyejifunza peke yake huwa na ugonjwa mmoja: hajui ni wapi anapotakiwa kuacha. Aliyefundishwa huambiwa na mwalimu, "Inatosha." Mimi sikuwahi kuambiwa. Kwa hiyo nilisoma sheria ya kodi za ardhi kwenye simu mpaka macho yakauma, nikasoma na marekebisho yake, nikasoma na ya nchi jirani ambayo hayakutuhusu. Nilichapisha faili langu katika saiba moja, duka la kompyuta, kule Buxton, karibu na chuo, kwa kuwa mashine yao haiachi mistari. Kisha nikaliona kosa dogo la nafasi kati ya maneno mawili, nikarudi nikalichapisha lote upya. 

Hoja yenyewe ilikuwa nyepesi. Biashara ni mahali watu wanapolipa. Chini hakuna anayelipa. Nilihitaji mashahidi wawili waseme hivyo, basi.

Shahidi wa kwanza alikuwa shangazi wa mlango wa pili. Si shangazi yangu wa damu. Mtaa mzima unamwita hivyo. Ni mshonaji, mjane, na amewaoza mabinti watatu, wote kutoka Chini. Nani angelijua jambo hili kuliko yeye? Nilimkalisha jioni moja tukafanya mazoezi. Nilijifanya mkuu wa jopo, nikakaza sauti, nikamuuliza kama alilipa.

"Sikulipa," alisema. Kisha akajikuna shingo. "Lakini si kwamba sikulipa."

"Shangazi, ulitoa pesa?"

"Pesa hapana. Lakini mimi si mtu wa kula bure, mwanangu. Babako alipofariki ni nani aliyeshona sanda? Na hayo mapazia ya bibi yako?"

Nilimwambia hayo yote ni kweli ila asiyaseme. Aseme neno moja tu: sikulipa. Tulirudia mpaka akalisema bila kujikuna. Nilirudi juu nimefurahi. Nilidhani nimemfundisha.

Shahidi wa pili alikuwa mzee wa mwisho wa uchochoro, aliyefanyia matanga ya mkewe pale Chini. Yeye alisema hahitaji mazoezi, yeye kusema kweli ni desturi yake.

Siku ya kusikizwa tulipanda tuktuk, bibi, mimi na mashahidi wawili, wanne tumebanana, faili nimelipakata. Shangazi alikuwa amevaa buibui lake jipya na bangili zote alizo nazo, na amejifukiza udi hata dereva akageuka kumtazama. Hapo ndipo ningalipaswa kuelewa. Mtu hajipambi hivyo kwenda kusema hana.

Chumba kilikuwa na meza ndefu, feni inayozunguka kwa kujilazimisha, na viti vya nyuma vilivyojaa watu wa mitaa mingine waliokuja na rufaa zao. Jopo lilikuwa la watu watatu. Mkuu wake alikuwa mama wa makamo kutoka bara, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, akisema Kiswahili cha taratibu kama anayekanyaga mawe ya mtoni. Kijana mthamini alikuwepo, mwenye adabu, na picha yake ya viti vya plastiki. Nilisimama nikasoma. Sauti ilitoka. Nilipokaa nilijiona nimemaliza kazi ngumu kuliko zote.

Shangazi aliapishwa kwa msahafu. Mkuu wa jopo alimuuliza kwa upole kama harusi za binti zake zilifanyika katika nyumba ile.

"Zote tatu," alisema shangazi.

"Na mlilipa kiasi gani?"

Nilimwona akigeuza kichwa kidogo. Alitazama vile viti vya nyuma, watu asiowajua, wanaume kwa wanawake, wote wamenyamaza wanangoja kusikia alilipa nini kuwaoza wanawe. Bangili zikalia.

"Tulilipa," alisema.

"Kiasi gani, mama?"

"Elfu tatu. Kila harusi." Kisha akaongeza, kama anayefunika sufuria, "Sisi hatudaiwi na mtu."

Kijana mthamini aliandika. 

Akaitwa mzee. Naye aliapa. Nilimkodolea macho nikimwomba kwa moyo wangu wote. Lakini alikuwa ameketi pale akasikia jirani yake, mwanamke mjane, ametoa elfu tatu. Mzee alisafisha koo, akasema kwamba kwa matanga ya marehemu mkewe yeye alitoa elfu nne.

Mkuu wa jopo alivua miwani. Akamgeukia bibi, akamuuliza kama ni kweli alipokea fedha hizo. Nilijua bibi hadanganyi. Nilijua pia kwamba hajawahi kumwaibisha mtu mbele ya watu, na sasa mambo hayo mawili yalikuwa yamekutana mlangoni.

"Mimi sikumbuki kupokea pesa," alisema bibi. "Lakini hawa majirani zangu si waongo."

Kule nyuma kuna aliyecheka. Mkuu wa jopo hakucheka. Alinong'onezana na wenzake, kisha akasema hawezi kuamua kwa maneno hayo, atakuja mwenyewe aione nyumba, na akataja asubuhi atakayokuja.

Tulirudi kwa tuktuk. Shangazi na mzee waliteremka haraka, kila mmoja akaelekea kwake. Nilipopanda ngazi nililipuka. Nilimwambia bibi kwamba nimekesha, nimechapisha mara mbili, nimemfundisha shangazi neno moja tu, moja, na ameshindwa kulisema. Bibi alikaa akavua viatu vyake vya kutokea.

"Wataka asimame mbele ya wanaume wa watu aseme ameoza wanawe kwa sadaka?"

"Si sadaka, bibi. Ni sheria. Ilikuwa aseme kweli."

"Kweli huulizwa mahali pake," alisema bibi. Halafu akaniuliza kama nimekula.

Nilipotazama kalenda niliona msiba mwingine. Asubuhi aliyoitaja yule mama ilikuwa ndiyo siku ya kuchagua mchele wa harusi. Mjukuu wa yule mzee alikuwa anaolewa, na kwetu kabla ya harusi wanawake hukusanyika kuusafisha mchele wote wa pilau, gunia baada ya gunia, punje kwa punje. Mahali pa kazi hiyo, bila shaka, ni Chini. Nilimsihi bibi waisogeze mbele siku moja tu. Nilimweleza kwamba tunajaribu kuthibitisha pale si ukumbi wa kukodisha, halafu mkaguzi atakuta magunia ya harusi. Bibi alisema harusi ya watu haihamishwi kwa ajili ya kodi.

Nikapita nyumba kwa nyumba kuwaomba wanawake waje wachache na wasipige vigelegele. Walinijibu vizuri, kwa heshima, na siku ilipofika wakaja wote pamoja na dada zao.

Mikeka ilitandikwa kutoka mlangoni mpaka uani. Kila mwanamke alikuwa na uteo mapajani, akiupepeta mchele kidogo, kisha akiinamia kuchagua mawe na chuya, zile punje zilizobaki na maganda yake. Mazungumzo yalikuwa juu ya bwana harusi, ambaye ilisemekana hula sana, na juu ya mama wa bwana harusi, ambaye ilisemekana hula kidogo kuliko anavyosema. Mimi nilisimama mlangoni na faili langu, jasho likinitoka.

Yule mama alikuja peke yake, amebeba mkoba na futi ya kupimia. Alipiga hodi. Bibi, ambaye naye alikuwa amekaa mkekani na uteo, alimwambia, "Karibu, mwanangu. Vua viatu uketi." Akavua. Akaketi mahali alipoonyeshwa, akafungua mkoba atoe karatasi. Kabla hajaitoa, shangazi wa bibi harusi aliyekuwa kando yake alimwekea uteo wa mchele mapajani. Hakukusudia lolote. Chini hakuna anayeketi na mikono mitupu siku ya mchele, na mkono wake ulifanya ulichozoea.

Niliruka kuuondoa. Nilianza kuomba radhi kwa niaba ya mtaa mzima. Yule mama alinizuia kwa kiganja.

"Uache," alisema. "Kwetu tulichagua maharagwe hivi hivi."

Akaanza. Alikuwa polepole, na alikuwa anatupa vingi. Shangazi wa bibi harusi alimwangalia kwa muda, akashindwa kujizuia.

"Mama wa serikali, hapo umetupa pilau ya watu wawili. Chuya ni hizi. Hizo ulizotupa ni mchele."

"Miwani yangu ni ya kusomea kodi," alisema yule mama.

Walicheka sana. Mmoja akasema basi ndiyo maana kodi imepanda, wakacheka tena, mimi nikatamani sakafu inimeze. Lakini yule mama naye alicheka, akasogeza uteo karibu na macho. Wakamuuliza kwao wapi, ana watoto wangapi, na kama mabinti wameolewa. Akawajibu. Akasema mmoja ameolewa, na kwamba aliteseka kutafuta mahali. Hapo wakamwonea huruma kweli, kwa sauti, kama waliosikia ameibiwa.

Muda ulipita. Yule mama alikuwa ameshaingia katika mwendo wa kazi, pepeta, inama, chagua, alipouliza bila kuinua kichwa kama kwa kazi ile wanalipwa.

"Tulipwe na nani?" alisema shangazi wa bibi harusi. "Leo kwangu, kesho kwake."

"Na mwenye nyumba?"

"Mwenye nyumba si huyo hapo? Achagua mchele wa watu."

Bibi alikuwa anachagua. Wala hakuonekana kusikia.

Nilimwona shangazi wa mlango wa pili akiweka uteo wake chini. Tangu yule mama aingie alikuwa amejibanza nyuma ya nguzo, hajasema neno, na hilo peke yake lilikuwa ajabu. Sasa alisogea kwa magoti mpaka akawa mbele yake.

"Mimi nilikudanganya," alisema.

Vyombo vyote vilitulia.

"Zile elfu tatu. Sikutoa. Hapa hatoi mtu."

Yule mama alimtazama juu ya miwani. "Mbona ulisema ulitoa, na uliapa?"

"Pale ulikuwa mgeni. Na wale nyuma siwajui hata mmoja. Waniuliza mbele yao niliwaoza wanangu kwa kiasi gani. Ningesema bure?"

"Na leo unaniambia."

"Leo wachagua mchele," alisema shangazi.

 Yule mama alichagua chuya mbili tatu, akaziweka pembeni. Kisha akasema kwamba itabidi maneno hayo yaandikwe na kutiwa sahihi, na kama mama hana kinyongo wafanye hapo hapo. Shangazi alitia sahihi huku karatasi imewekwa juu ya gunia, vidole vimejaa vumbi jeupe la mchele. Kabla ya adhuhuri mzee alituma salamu kutoka kwake, kwamba hajisikii vizuri hawezi kuja, lakini na ile elfu nne yake ihesabiwe hivyo hivyo. Yule mama alipima chumba kwa futi yake, akazungumza na bibi kidogo, ila hakuondoka mpaka alipoumaliza uteo wake. Faili langu hakulifungua.

Jibu lilichukua wiki kadhaa. Nyumba ilirudishwa katika nyumba za kuishi, na kodi ikarudi ilipokuwa, na nyongeza ndogo waliyopata wote. Nilisoma barua ile mara nyingi nikitafuta kosa, ndivyo ninavyofurahi. Mjomba alipiga simu, akasema ameshamwambia yule wa marobota atafute kwingine. Sauti yake ilikuwa nyepesi kama ya kijana. Alituletea samaki jioni ile, na yeye na bibi walikaa wakimsengenya mthamini kwa mapenzi tu, bila chuki.

Nilidhani yamekwisha, lakini shangazi alikuwa hajamaliza. Alipanda kwetu siku chache baadaye, jambo asilolifanya mara kwa mara kwa sababu ya magoti, na uso wake ulikuwa umeshuka. Alikuwa ameapa kwa msahafu juu ya uongo. Karatasi aliyotia sahihi imemtoa kwa serikali, alisema, ila haijamtoa kwa Mwenyezi Mungu. Alikuwa ameuliza msikitini, akaambiwa kafara ya kiapo ni kulisha maskini kumi, kila mmoja apewe kibaba chake cha chakula cha watu wa mji, mkononi mwake, kiwe mali yake. Asiye na uwezo ndiye hufunga siku tatu. Yeye mchele anao. Na hawezi kumtolea Mungu mchele wenye chuya.

"Bibi," alisema, "Chini kuko wazi?"

"Kuko wazi," alisema bibi.

Tuliuchagua sisi watatu. Usiku ule nilisoma yote niliyoweza kuyapata juu ya kafara, maana sijui kusaidia kwa namna nyingine, nikamsomea shangazi kwa sauti nani huhesabiwa maskini: ni yule aliye na kitu, lakini hakimtoshi.

Kuwapata ikawa ndiyo kazi. Tulianza na mjane mmoja wa uchochoro wa nyuma. Alitupokea kwa chai na mahamri, akasikiliza, akasema mwenye shida hasa ni yule wa pembeni mwa duka la mkaa, huyo ndiye wa kuhurumiwa. Wa pembeni mwa duka la mkaa akatuambia yeye alhamdulillahi, ila kuna familia karibu na msikiti. Familia ya karibu na msikiti wakaturudisha kwa yule mjane. Kila mtu alimjua maskini, na maskini alikuwa daima mlango wa jirani. Shangazi hakuwakasirikia. Alisema angekuwa yeye angesema vivyo hivyo.

Basi tukaenda Biashara Street, kwa hamali wanaosukuma mikokoteni ya vitambaa. Hao wakauliza mchele ni wa nini, na shangazi akawaambia waziwazi, pale pale njiani, kwamba amekula kiapo cha uongo. Walipokea mmoja mmoja, wakamwombea. Mmoja wao, Mdigo wa upande wa Kwale, alifunga chake katika kitambaa cha kichwani akasema, "Mama, ukiapa tena, sisi tuko hapa hapa."

Walikuwa tisa. Adhana ikaita, watu wakatawanyika, maduka yakafunga nusu milango. Tukakaa kwenye kizingiti cha duka lililofungwa, kivulini, kikapu kati yetu, na kibaba kimoja kimebaki ndani. Nilikuwa nahesabu ni wapi tungempata wa kumi kabla ya alasiri. Shangazi alikuwa ananitazama.

"Mwanangu, miwani ushanunua?"

Nilikuwa nimeambiwa na daktari wa macho ninunue miwani muda mrefu uliopita. "Bado, shangazi."

"Na unga na sukari ya pale juu hununua wewe."

"Ndiyo."

"Watosha?"

Nilikuwa na jibu. Nimekuwa nalo tangu nilipoacha shule. Nalibeba kama watu wanavyobeba kitambulisho, tayari kwa yeyote atakayeuliza. Nililisikia likipanda kooni: yatosha, alhamdulillahi, mwenye shida hasa ni fulani. Mbele yetu mwanamke alikuwa anachagua leso kwa mwenye duka ambaye hakufunga. Alizifunua moja moja, akazipima begani. Nilimtazama kwa muda mrefu nisimtazame shangazi.

"Haitoshi," nilisema.

Shangazi hakunipa pole. Alinyoosha mkono akaivuta pembe ya leso yangu, akaikunjua mapajani mwangu, akamimina mchele ndani yake taratibu, akikung'uta kibaba mpaka punje ya mwisho. Ulikuwa mweupe, hauna chuya hata moja. Najua, kwa kuwa nilitazama.

"Sema umepokea," alisema.

"Nimepokea, shangazi."

Akafunga pembe ile fundo, akainuka kwa kunishika bega, tukarudi nyumbani polepole kwa sababu ya magoti yake. Bibi alikuwa jikoni. Aliliona fundo, akauliza mchele huo umetoka wapi, nami nikamweleza, wa kumi alikuwa nani. Nilingoja. Aliufungua, akaupitisha kidogo kati ya vidole.

"Ulishukuru?"

"Nilishukuru."

"Basi teleka," alisema bibi.